Wilbroad na Namba Tisa

Ndeshi weee, mume wangu Wilbroad ametuaibisha. Sijui nianzie wapi.

Mechi ya mwisho ya msimu wa mpira wa kikapu kule Hispania ndiyo kwanza imeisha. Belyse, namba tisa wa timu ya Queen wetu, amekosa mitupo huru miwili na timu imeshuka daraja.

Baba Queen akampigia mwanae hapo hapo. "Huyo namba tisa wenu ni takataka! Walimwokota wapi?" Takataka, Ndeshi! Alidhani pale hakuna anayejua Kiswahili ila Queen.

Queen akanong'ona, "Dad, stop. Uko kwenye spika."

Mara sauti nyingine: "Shikamoo baba. Ni Belyse. Nimekulia Haltom City. Mama yangu naye ameangalia mechi, naomba maneno hayo yasimfikie."

Haltom City ya Marekani! Kumbe binti wa Warundi waliohamia huko, Kiswahili anakijua tangu nyumbani! Wilbroad akaitika marahaba kama mgonjwa, akakata simu.

Nusu saa nzima ameshika kichwa, chakula hagusi. Nikamwambia, mpigie umwombe radhi. Akapiga, akapewa Belyse. Kabla hajafungua mdomo, binti akamtangulia: "Baba, nisameheni. Nimewaangusha."

Mume wangu yuko jikoni analia.