Tiketi ya Cherehani

Kaka yangu, mkubwa wetu,

Shikamoo. Mimi mzima, ila mafua. Bajeti yako nimeisoma: niuze cherehani ipatikane pesa ya lori la kuhamisha vyombo, kisha nikae chumba chenu cha uani, nimsaidie wifi kulea. Ahsante kwa kunifikiria. Nimeipangua yote.

Kitanda nimeuza, kabati nimeuza, hata kochi ulilonipa siku ya harusi. Usinune, lilishakuwa jumba la kunguni. Lori silihitaji tena. Nakuja na basi, na nimekata tiketi mbili, kwa sababu cherehani yangu kwenye buti wangeivunja. Mkata tiketi akauliza abiria wa pili ni nani. Nikamwambia, “Andika mume wangu. Huyu hajawahi kunilaza njaa.”

Nilipewa talaka, kaka, sikukatwa mikono. Nimeshapanga chumba huko, nyuma ya soko, na kodi ya miezi mitatu nimelipa. Kwenu nitafika Jumapili, kama mgeni, kuwapima watoto nguo za shule. Kile chumba cha uani fugieni kuku.

Mdogo wako,
Fundi