Ruhusa Iliyofika Mpaka Jikoni

Mjukuu wangu Neema,

Huku hatujambo, mama yako amepona mafua na ng'ombe amezaa. Umeandika kwamba huko Marekani unakosomea sheria, katiba mwanzoni iliikataza serikali kuu tu kuziba watu midomo, na majimbo yakaendelea kuwaziba. Utumwa ulipofutwa kikaongezwa kifungu kipya, na miaka mingi baadaye mahakama ikasema majimbo nayo yamefungwa na katazo hilo. Unauliza kama nimeelewa.

Nilielewa zamani, nilipokuwa kazini Riyadh, Uarabuni. Katika nyumba niliyofanya kazi, mtaa wa Malaz, baba mwenye nyumba alituruhusu sisi watumishi kusema lolote linalotuudhi. Madam, mkewe, akatuambia ruhusa hiyo ni ya sebuleni, jikoni anatawala yeye. Mtumishi mwenzangu Achieng akampelekea baba neno hilo, madam akisikia. Baba akajibu, "Na jikoni pia. Halas, yamekwisha!"

Kesho yake Achieng aliomba Ijumaa ya kupumzika, akapewa. Mimi nilinuna wiki nzima, nikimwita kipenzi cha baba. Kumbe ruhusa ilikuwa yangu pia, ila wivu ulinifunga mdomo kuliko madam.

Sasa nakuonea wivu wewe, unayefundishwa hayo ukiwa umekaa kwenye kiti. Lakini safari hii, angalau, nimesema.

Nyanya yako