Simu ya Chooni

Shoga, acha hicho unachofanya usome hii.

Shemeji yako leo kawakusanya watoto mezani, eti tuzungumze kuhusu simu. Zao zote zikaingia kwenye sufuria, akafunika. Akahubiri weee: macho yataharibika, akili italala, mtazameni baba yenu.

Kitinda mimba wetu akauliza taratibu, "Baba, na ile ya chooni niilete?"

Ile ya chooni, shoga. Mhubiri mwenyewe kaificha nyuma ya sabuni za kufulia, ya kuchezea gemu tu.

Na mimi mwezi mzima namchemshia dawa ya tumbo.

Nimeichukua, ninayo humu chooni. Anagonga mlango, nimemjibu tumbo limehamia kwangu. Asubiri, nimebakiza matunda mawili nivuke hatua.