Mzee Asilewe, Duara Lisianguke

Jumatano, 5 Machi 2025

Majivu leo. Mke wangu Melania kanikokota kigangoni asubuhi na mapema kama mbuzi anayepelekwa mnadani. Padri hakuwepo, alikuwa kigango kingine. Katekista Agapiti ndiye aliyepaka. Mimi kanipaka mengi kuliko wote – nadhani kaona hapa pana kazi.

Kisha nikampelekea Damian michembe, vile viazi vikavu, kule mlimani. Mwanangu huyu anachimba kwenye duara, yaani shimo la dhahabu, la Magesa. Tangu mpunga uvunwe hawajaona hata vumbi la dhahabu. Mganga wao kawalia mbuzi, kawalia kuku, sasa kahamia Kagongwa kula vya wengine.

Magesa kaniona na majivu usoni, kaangua kicheko. Eti: "Mzee Januari, nawe umeokoka? Basi tuombee, wa kwetu kashindwa!"

Mimi tena! Nikasimama mdomoni mwa duara, nikanyoosha mikono kama askofu. "Ee Mwenyezi, waangalie hawa wajinga wako. Hawaogi. Wake zao wamewasahau sura. Wape kitu kidogo warudi nyumbani wakajisugue. Amina!"

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Damian naye kacheka, lakini kwa kuinama. Huwa anaona haya nikianza mambo yangu.

Hakuna nyama, hakuna pombe. Aliyebuni Kwaresima hakika hakuwa Msukuma.

Ijumaa, 7 Machi

Duara limetema!

Sikuamini. Damian kaja mbio na bodaboda, kajaa tope mpaka kwenye kope. Wamekuta mwamba wenye mali, mwekundu, unameta. Wachimbaji wanapiga vigelegele kama wanawake kwenye harusi. Na wanasema nini? Wanasema ni sala ya mzee!

Nikamwambia Damian, ile haikuwa sala, ilikuwa matusi yaliyovalishwa kanzu. Kanijibu: "Baba, Mungu kasikia hivyo hivyo."

Melania kasikia, hakucheka. Kasema tu nisirudie kulichezea jina la Mungu. Kisha kaenda kupepeta mchele.

Jumatatu, 10 Machi

Haya sasa. Nilikwenda kilabuni kwa Mama Loveness kupata kikopo cha wanzuki. Kimoja tu, nani anahesabu Kwaresima kwa kikopo kimoja? Mama Loveness kafunika pipa kwa mfuniko, kakaa juu yake na makalio yake yote.

"Shikamoo mzee. Lakini sikuuzii."

Kwa nini?

"Magesa kapita hapa. Kasema mzee asilewe. Ukilewa duara litaanguka, na mume wangu yumo mle."

Kumbe wamekaa kikao! Mganga huwa anawapa wachimbaji miiko. Usiingie na viatu, usiingie umetoka kwa mwanamke. Sasa mganga wao ni mimi, na miiko yote wamenitwika mimi! Mzee asilewe. Mzee asitukane. Mzee asigombane na mkewe. Jumapili asikose kanisani. Wao wenyewe wanalewa mpaka wanalala mitaroni – usafi niwe nao mimi peke yangu, kwa niaba ya wote.

Nilicheka njia nzima. Nilipofika nyumbani nikataka kumtukana kuku aliyekunya juu ya kiti changu. Jirani Asteria yuko uani, kakaza macho. Nikamwambia kuku: "Samahani, mama."

Jumapili, 16 Machi

Kanisani tena. Watu wananipisha njia! Wanawake wa jumuiya wananipigia goti. Melania kakaa upande wa wanawake, nilimwona anatabasamu chini ya kitenge.

Huyu mama hajapokea Komunyo tangu tuanze kukaa pamoja. Ndoa yetu ni ya ng'ombe, siyo ya altare, maana mimi nilikataa kupiga magoti mbele ya watu. Wenzake wakienda kupokea, yeye anabaki kwenye benchi, anashika rozari kama mtu anayesubiri gari lisilokuja.

Leo baada ya ibada nikamwambia Agapiti, kwa mzaha nusu: Na sisi tubarikini basi, tumezeeka. Akaruka! Akasema atamwambia Paroko, Jumapili ya baada ya Pasaka inawezekana, ila nionyeshe mwenendo mwema.

Mwenendo mwema! Nimebanwa na kanisa, nimebanwa na machimbo. Hata wezi huko gerezani wana nafasi kuliko mimi.

Jioni Melania kanipikia kuku. Yule yule aliyekunya.

Ijumaa, 28 Machi

Njia ya Msalaba. Nilikwenda kwa sababu Mwigulu, rafiki yake Damian, alikuja kunichukua kwa pikipiki. Ananilinda kama ng'ombe wa mahari.

Kuna kitu kimenisumbua. Vituo vya kwanza nilikuwa natafuta la kuchekesha, kama kawaida yangu. Goti linauma, Agapiti anaimba puani. Pale Yesu anapoanguka mara ya tatu nikatafuta mzaha – sikuupata. Nikatazama picha ya karatasi iliyobandikwa ukutani. Mtu yuko chini, mdomo kwenye vumbi.

Nikamwambia shikamoo.

Sijui kama kaitika. Sikumwambia mtu. Hata Melania sikumwambia, atalia bure.

Jumanne, 1 Aprili

Mvua. Mvua. Mvua. Mahindi yanafurahi. Mimi sifurahi. Nalala sipati usingizi wa kilevi, nasikia maji yanashuka kutoka mlimani.

Damian kasema wanateremka zaidi, mali iko chini. Nikamuuliza maji je? Kasema wana pampu. Mbona hamngojei masika yapite? Kacheka: "Baba, tuna wewe."

Alhamisi, 10 Aprili

Nimetoka mlimani sasa hivi.

Nilikwenda kuangalia mwenyewe. Nikainama mdomoni na tochi. Ile miti wanayokaza kuzuia kuta, matimba, mmoja umepinda kama upinde. Kabisa! Udongo nyuma yake umevimba, unatoa maji. Mtoto wa chekechea angeona.

Nikapiga kelele tokeni! Wakatoka, wakadhani nimeleta chakula.

Magesa: "Tatizo nini, mzee wetu?"

Mti umepinda! Mtakufa!

"Duara hili halianguki. Duara hili lina mtu safi."

Nikamwambia mimi siyo mti. Mimi siyo boriti, Magesa! Sala yangu ile ilikuwa upuuzi, nilikuwa nawacheka!

Wakatazamana. Mmoja kasema kwa sauti ya chini, mnaona? Mtakatifu hajisifu. Wakaitikia eee, eee. Nikazidi kukana, wakazidi kunivulia kofia! Nikasema basi naapa mimi ni mwenye dhambi mkubwa. Wakasema hata Petro alisema hivyo.

Nilimvuta Damian pembeni. Nikambembeleza. Mwanangu, acha mpaka mvua ikatike. Akaangalia chini, kisha kasema maneno ambayo sijayatoa kichwani: "Baba, tangu nikiwa mdogo watu wananicheka kwa ajili yako. Mtoto wa Januari mlevi, mtoto wa Januari mropokaji. Sasa nikipita wananiita mtoto wa mzee wa sala. Nisipoingia mimi, nitakuwa nimesema baba yangu ni mwongo."

Nikamwambia baba yako ni mwongo!

Hakutaka kusikia. Kashuka. Nikatazama kofia yake mpaka giza la shimo likaimeza.

Nikaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji awafungie. Kumbe naye ana fungu lake mle mle. Kanikaribisha chai.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimefikiri jana na leo. Nimefika mahali pabaya.

Wanashuka kwa sababu mimi ni safi. Basi nikiwa mchafu hawatashuka. Wenyewe wamesema! Mzee akilewa duara litaanguka. Hakuna atakayethubutu kuingia.

Rahisi sana. Kitu nilichokifanya maisha yangu yote bila kufundishwa. Mbona leo kinaniwia kizito?

Melania yuko uani anafua gauni jeupe aliloazimwa na Asteria. La Jumapili ile ya baada ya Pasaka. Anafua taratibu, kama anaosha mtoto mchanga.

Nimesali. Kweli nimesali, bila kuchekesha mtu. Nimeuliza: nikutii Wewe mwanangu afe, au nikuasi apone? Sijajibiwa. Ama nimejibiwa na mimi sijasoma vya kutosha.

Jumapili, 13 Aprili – Matawi

Nimefanya.

Baada ya ibada, watu wote uwanjani na matawi yao. Mama Loveness alikataa tena kuuza, nikanunua gongo kwa mtu mwingine, simtaji. Nikanywa mbele ya kanisa, chupa juu. Nikacheza na tawi langu kiunoni. Nikaimba zile nyimbo za kilimo, mashairi yale yasiyofaa. Nikamwambia Agapiti anaimba kama ndama aliyefungiwa!

Watu walicheka mwanzoni. Halafu wakashusha matawi, mmoja mmoja.

Magesa kaja mbio, kashika kichwa: "Mzee, umetuua!" Kapiga simu pale pale, watu watoke shimoni, asiingie mtu.

Wakatoka. Wote. Walipoteremka mpaka kanisani nilimwona Damian kwa mbali, kasimama na Mwigulu. Hakunisogelea. Alitema mate chini, akageuka.

Yuko hai. Anitemee atakavyo.

Melania alinishika mkono, akaniongoza nyumbani. Gongo haikuwa na ladha. Nani angeamini nitaandika hivyo!

Jumatatu, 14 Aprili

Kichwa kinapasuka. Agapiti kafika. Kasimama mlangoni, hakukaa. Paroko kasikia. Mambo ya ndoa yasubiri kwanza. Mpaka lini? Mpaka itakapoonekana.

Nilitaka kumwambia sababu. Lakini nikisema, machimboni watajua nilijifanya, na watashuka tena. Nikamwambia ndiyo, katekista.

Melania kalikunja lile gauni, kalirudisha kwa Asteria. Nilimsikia anasema wabeja, yaani asante, kwa sauti ya kawaida kabisa. Ile sauti ya kawaida ndiyo iliyonichoma.

Mvua bado.

Jumatano, 16 Aprili

Shetani halali, na Magesa halali.

Kaja leo na wenzake wanne, wamevua kofia. Nilidhani wamekuja kunipiga. Wakanipita kama kinyesi cha ng'ombe, wakamwendea Melania.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu."

Eti wamegundua. Usafi haukuwa wangu! Mlevi gani husikilizwa? Ulikuwa wa mama muda wote, mzee alikuwa bomba tu la kupitishia. Sasa wanamtaka mama mwenyewe aje asubuhi aombee duara, washuke. Damian atamfuata kwa pikipiki. Wakaacha sukari na sabuni.

Melania kasema tu: "Nitasali."

Walipoondoka nikamweleza yote. Mti. Udongo uliovimba. Kwa nini nililewa. Alikuwa anachambua maharage, hakuinua kichwa. Nikadhani haniamini, nani aniamini mimi?

Mwisho kauliza: "Damian huwa anakaa upande gani, wa mti uliopinda au ule mwingine?"

Uliopinda.

Kaendelea kuchambua. Punje moja kaitazama muda mrefu, nzima kabisa, akaitupa.

Nikasema: Mama Damian, kataa kwenda. Kasema akikataa watatafuta mwingine. Watamtafuta hata Agapiti. Nikasema basi nenda uwaambie mti umepinda. Kasema: "Wewe si uliwaambia?"

Alhamisi Kuu, 17 Aprili

Asubuhi. Naandika nikiwa kwenye kigoda, nyuma ya pazia.

Damian kafika jua halijatoka. Hajanisalimia. Yuko nje juu ya pikipiki, inanguruma. Kule mlimani wanangoja, mwiko ni mwiko – hashuki mtu mama hajafika.

Melania kamwambia: "Ngoja kwanza nisali hapa nyumbani, mwanangu. Siwezi kwenda mikono mitupu."

Kapiga magoti mbele ya msalaba wa ukutani. Rozari moja. Sawa. Nikangoja ainuke. Kaanza ya pili. Damian kapiga honi. Ya tatu! Anasali taratibu, neno kwa neno, kama anachambua maharage. Jua limeingia dirishani, limefika kwenye kisigino chake.

Damian kaita: "Mama! Magesa anapiga simu!"

"Mwambie mama anasali."

Nani atamwinua mwanamke anayesali Alhamisi Kuu? Nani ana ubavu huo? Hata Magesa hana.

Na siyo kwamba anaigiza. Nimemjua mwanamke huyu, namjua anapoigiza. Machozi yanashuka mpaka shingoni, anamwita Mama wa Mungu kama anayeita jirani nyumba inaungua. Anasali kweli kweli. Na anawachelewesha kweli kweli. Mimi sikujua kwamba mtu anaweza kufanya yote mawili kwa magoti yale yale.

Lakini magoti yake ni mabovu. Mpaka saa ngapi? Na kesho je? Na keshokutwa?

Wingu jingine linakuja kutoka upande wa Ushirombo.

Kageuza jicho, kaniona nyuma ya pazia. Kasogea kidogo tu kwenye mkeka, kaacha nafasi.

Nimemuuliza kwa ishara: umebakiza nini?

"Litania," kasema. "Watakatifu wote. Mimi nikichoka, uanze wewe."

Siijui Litania! Najua "utuombee" basi. Itabidi anitajie jina, nami niitikie, nivute, nivute.

Nje pikipiki imezimwa. Nasikia hatua za Damian zinakuja mlangoni – polepole – kavua viatu –

Naweka kalamu, nikapige magoti.