Kwako Admirali, Kuhusu Ukurasa Nilioutoa

Mpendwa Admirali,

Nilitaka kuanza kwa "Mheshimiwa", nikakumbuka kwamba ulinikataza neno hilo siku ya kwanza. Nilikuwa mlinzi wa mapokezi katika jengo la ofisi pale Jumeirah Lake Towers, Dubai, shahada yangu ya historia ikiwa chini ya nguo sandukuni. Nawe, mstaafu wa jeshi la majini la Uingereza, ulikuwa mshauri wa kampuni ya meli ghorofani. Ulinisalimu kwa Kiswahili ulichojifunza Mombasa ujanani. Nami nikakujibu kwa sentensi ndefu mno, ili ujue nimesoma.

"Pole pole, profesa," ulicheka. "Mimi baharia tu."

Ndivyo nilivyopata kazi ya kuandika maisha yako. Kila Ijumaa ulinisimulia: kijana aliyetapika safari nzima ya kwanza, luteni, nahodha, hatimaye mkuu wa kundi zima la manowari. Nilivionea fahari vyeo vyako kana kwamba nilivipata mimi. Chumbani kwetu, mtaa wa Karama, Wafula, aliyelala kitanda cha juu yangu, alinitania: "Admirali mdogo, yalla, zima taa. Kwani vita ulipigana wewe?"

Kisha ukanisimulia ile alfajiri. Ulikuwa nahodha, hujalala siku mbili. Luteni wa zamu alikuita kupitia bomba la kuzungumzia lililoshuka hadi kando ya mto wa kitanda chako: ukungu unazidi, je, apunguze mwendo? Ukajibu, "Endelea hivyo hivyo." Meli ikapanda mwamba. Mbele ya mahakama ya kijeshi luteni aliapa kwamba alikuita. Wewe uliapa kwamba hakukuita, na uliamini hivyo. Yeye akafukuzwa, wewe ukapandishwa cheo. Miaka mingi baadaye, marehemu mkeo alikwambia kwamba huwa unajibu maswali usingizini, kwa sauti ya mtu aliye macho kabisa. Ukaelewa. Ukanyamaza.

"Liandike hilo," uliniambia.

Niliandika. Ijumaa iliyofuata nikakuletea sababu nne, nilizozipanga kwa ustadi, za kuuondoa ukurasa huo. "Sir, kwa heshima zote, huu utakimeza kitabu kizima."

"Wewe ndiye msomi," ukasema, ukaomba chai.

Nilijiaminisha kwamba nakulinda. Nilikuwa nakilinda kitabu, kwa kuwa jina langu lingekuwa chini ya lako.

Wiki chache baada ya mazishi yako, ilifika barua kutoka kwa luteni huyo, ambaye sasa ni mzee. Alikuwa amesikia kwamba kuna kitabu. "Kama aliwahi kusema lolote kuhusu alfajiri ile, naomba niambiwe ningali hai. Wanangu wamekua wakijua kwamba baba yao ni mwongo."

Nilimpelekea binti yako, anayekisimamia kitabu sasa, nikamweleza kuhusu ukurasa ule. Aliisoma mara mbili, akaikunja.

"Baba alikuwa mgonjwa," alisema. "Ukurasa huo haumo kitabuni, kwa hiyo haupo. Khalas, yameisha." Kisha, kwa upole ulionitisha zaidi, akaniambia kwamba mchapishaji ameipenda kalamu yangu na ana kazi nyingine kwa ajili yangu.

Siku tisa sikulala vizuri, Sir. Sikuja Dubai kukaa mlangoni nikiwafungulia wengine, na hatimaye kuna mlango uliokuwa wazi kwa ajili yangu. Lakini kila nilipojaribu kumjibu mzee yule kwa lugha safi isiyosema kitu, niligundua kwamba ninaweza kuiandika vizuri sana, na hilo ndilo lililonichukiza.

Rasimu ya kwanza ya ukurasa ule sikuichana. Pembeni mwake, Ijumaa ile ile ya chai, uliandika kwa mkono wako, "Hii ni kweli," ukatia saini. Leo asubuhi nimemtumia luteni rasimu hiyo yenyewe. Binti yako nimemwandikia kwamba nimefanya hivyo, na kwamba kitabu kikitoka bila ukurasa ule, kitoke bila jina langu. Hajanijibu.

Sikuombi msamaha kwa kuutuma. Nakuomba msamaha kwa Ijumaa ile ulipokuwa tayari kusema, nami nikakushauri vizuri mno.

Pumzika, Sir.

Mwandishi wako