Chuma cha Mahbuba

Cardiff, 8 Novemba 1998

Mjomba wangu mpenzi,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Natumai nyote wazima hapo Ghubra na goti lako limepoa. Mimi sijambo, baridi tu inanionea.

Umesema polisi wamekupa kibali cha bunduki mpya, nawe unawaza risasi gani itafaa shabaha na pia mbweha wanaokula kuku wetu shambani Fanja. Hukuniuliza, lakini nimekuulizia. Bwana Evans, anayetufundisha shabaha chuoni, anasema risasi hizi ndogo upana wake ni ule ule, tofauti ni baruti iliyo nyuma yake. 22 ndogo yatosha kwa shabaha, na kwa mbweha aliye karibu. Wa mbali anataka 222. Ile 22-250 ina kasi mno, ni ya uwanda mtupu, tena inakula mtutu. Anajua sana, Mjomba. Amenirekebisha hata ninavyopumua.

Iddi ya Mfunguo Tatu nakuja. Tutapiga chuma cha mama pamoja.

Mwanao,
Balqis

Ghubra, 2 Desemba 1998

Mwanangu Balqis,

Waalaykum salaam, marahaba. Sisi wazima, goti ndiyo hilo hilo. Mke wangu Wadha anakusalimu na anauliza kama unakula.

Nimeisoma barua yako. Huyo Bwana Evans kajaa humo, mimi nimebaki na goti. Nani kakufundisha kupumua? Nani kakulaza kifudifudi Fanja, mtoto mdogo, akakwambia toa pumzi taratibu kama unapoza chai? Na chuma cha chapati cha marehemu mama yako, alichokibeba kutoka Unguja, kilipopinda nani alikitundika kilimani, ili ukikipiga kilie nawe ujue umepata? Evans?

Nakwambia waziwazi, nna wivu. Usiache mbachao kwa msala upitao. Nimechagua 22-250. Akisema ina kasi mno, basi ndiyo ninayoitaka.

Mjomba wako,
Zahor

Cardiff, 17 Desemba 1998

Mjomba wangu,

Shikamoo. Khabari za nyumbani? Ramadhani njema kwenu nyote.

Usinikasirikie. Bunduki ni yako, nunua utakayo. Nakuomba jambo moja tu: usikipige chuma cha mama kwa bunduki hiyo. Bwana Evans anasema itakitoboa.

Mwanao,
Balqis

Cardiff, 9 Februari 1999

Mjomba,

Shikamoo. Je, mu wazima? Iddi ya Ramadhani imepita na sijapata hata salamu. Nikipiga simu, Bi Wadha anasema umetoka. Asubuhi umetoka, usiku umetoka. Kuna nini?

Mwanao,
Balqis

Ghubra, 24 Februari 1999

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima wa mwili. Sikukuandikia kwa kuwa sina uso.

Siku ya Iddi tulikuwa Fanja kama ada yetu, kila mmoja na zamu yake. Mwanangu Yaqoob kapiga kwa 22, chuma kikalia. Jirani yetu Musallam kapiga, kikalia. Ilipofika zamu yangu nikatoa ile mpya. Yaqoob akasema, "Baba, si hiyo!" Nikamjibu, "Mzungu wa Balqis anasema itatoboa. Leo tutaona."

Nikapiga. Bonde zima likavuma, chuma sikukisikia. Nikadhani nimekosa. Mimi, nimekosa, mbele ya Musallam! Nikapiga tena. Kimya. Tulipokwenda kutazama, tukakuta matundu mawili, unaona mlima upande wa pili. Watu wakarudi kwenye mishikaki. Wadha ndiye aliyelia.

Evans alisema kweli, na hilo linaniuma kuliko chuma. Hapana, nasema uongo. Chuma ndicho kinachoniuma. Mahbuba alikuwa dada yangu.

Zahor

Cardiff, 7 Machi 1999

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nimelia, na nimekukasirikia, sitakuficha. Ulipoambiwa usifanye ndipo ulipofanya.

Lakini nikupe khabari. Mimi na Bwana Evans tuna ugomvi tangu siku ya kwanza. Kila nikipiga, nainua kichwa na kutulia kidogo kabla ya kutia risasi nyengine. Anasema ni tabia mbaya, inanipotezea alama. Amejitahidi kuniondolea, ameshindwa. Juzi akaniuliza, "Unasubiri nini?" Nikamwambia nasikiliza. Shabaha za huku ni karatasi, Mjomba, hazilii, lakini mimi nimefundishwa kusikiliza. Nikamhadithia chuma, na wewe, na chai. Akasema kumbe muda wote alikuwa akishindana na mtu asiyemjua.

Usikitupe. Nakuja.

Mwanao,
Balqis

Ghubra, 18 Machi 1999

Mwanangu Balqis,

Marahaba, marahaba. Sote wazima, hata goti.

Bunduki ile kaichukua Musallam kwa kibali chake, ana jangwa huko kwao la kutosha kasi yake. Mimi nimerudi kwenye 22 ndogo. Mbweha nitawasogelea, na goti litanisamehe. Chuma nimekitundika kwa upande ulio mzima. Sauti imekuwa ya kukwaruza kidogo, utaizoea.

Kwa Bwana Evans nimekuwekea halwa, ukirudi umpelekee, tena ile ya zaafarani. Umwambie kanifurahisha. Ila umwambie pia kwamba pumzi ni yangu.

Mjomba wako,
Zahor