Sakafu Ilale

Tena, Nairobi
15 Januari 1984

Kwa Mjomba Maingi,

Pokea salamu zangu za heshima, zikukute mzima wa afya huko mjini Wote pamoja na waashi wenzako. Sisi huku hatujambo. Kifundo cha mguu wa Mama kimepungua uvimbe. Sasa anakanyaga bila kushika ukuta, na Jumapili iliyopita alitembea mwenyewe hadi kanisani.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unasema kwamba kwa kuwa Mama aliteleza katika chumba cha kufulia, na kwa kuwa Baba hayupo tena duniani wa kumwangalia, utakuja Jumamosi ya kabla ya Pasaka umchukue akaishi kijijini Mbooni. Nakuheshimu, Mjomba, lakini hoja yako ina kasoro. Kilichomwangusha Mama ni sakafu. Ukimhamisha mtu ukaiacha sakafu, umemwadhibu aliyeanguka na kumsamehe aliyemwangusha.

Chumba chenyewe unakijua: kile kijumba cha nyuma ya jikoni, hatua tatu kwa mbili, saruji imeliwa ikabaki mashimo, ukungu wa kijani umeota pembezoni, na dirisha ni dogo kama la kuuzia tikiti. Hata hivyo ndimo Mama anamofulia majoho ishirini na manne ya kwaya, kila mwezi, mwaka wa sita huu. Hakuna aliyemtuma. Wanakwaya wanaposimama mbele ya kanisa wakiwa weupe kama maziwa, Mama huinamisha kichwa, na jirani zake hudhani anaomba. Mimi najua anakagua kola. Huko Mbooni atakula, atapumzika, ataheshimiwa. Lakini atakagua nini?

Kwa hiyo nimeamua kukitengeneza chumba hicho kwa mikono yangu mwenyewe. Usicheke. Nimesoma jinsi Warumi walivyojenga mabafu ambayo kuta zake zimesimama hata leo. Mtu aliyeandika tasnifu ya kurasa mia moja na ishirini hawezi kushindwa na mfuko wa saruji. Sitaajiri fundi, kwa maana fundi ndiye aliyeijenga sakafu iliyomwangusha Mama. Lakini kwa kuwa wewe ni mwashi wa miaka thelathini, naomba neno lako moja la mwongozo.

Mpwa wako,
Matheka

*

Wote
29 Januari 1984

Mpwa wangu Matheka,

Salamu zako nimezipata. Mimi mzima, ila mgongo unalalamika asubuhi. Mvua huku ilitupita bila kubisha hodi, tunachota maji mbali hata ya kuchanganyia saruji.

Barua yako niliwasomea mafundi tukinywa chai. Pale pa mfuko wa saruji mmoja alimwaga kikombe chake. Sikuwakataza kucheka.

Umeomba neno moja, nakupa moja. Sakafu ya kufulia lazima ilale. Usitoke hapo mpaka imelala. Mengine yote, kuta na dirisha, hata ukikosea Mungu atasamehe.

Sasa sikia na langu. Jumamosi ile nitaingia kwako, nitaomba ndoo ya maji na nitaimwaga katika hicho chumba. Nitaenda kunywa chai. Nikirudi nikute maji bado yamekaa, dada yangu atafunga nguo zake na Jumatatu tutaondoka naye. Yakiwa yameenda, sitataja Mbooni tena. Tumetoka tumbo moja, na waliobaki ni mimi na yeye tu. Siwezi kungoja aanguke mara ya pili.

Mwambie namsalimu. Usimwambie habari ya ndoo.

Mjomba wako,
Maingi

*

Tena, Nairobi
11 Machi 1984

Kwa Mjomba Maingi,

Salamu nyingi kwako na kwa hao mafundi wanaomwaga chai. Ni matumaini yangu kwamba mgongo umekutii. Huku sote tu wazima, isipokuwa viganja vyangu, ambavyo vimepata malengelenge yenye heshima.

Nakuletea habari njema: kazi imekwisha. Nilinunua mwiko na karai Shauri Moyo, nikapitia Kariokor nikachukua ndara za matairi za kukanyagia saruji, na Jumamosi ya kwanza nikaibomoa ile sakafu ya zamani kwa sururu. Jirani yetu Bwana Andati, anayefanya kazi karakana ya reli, alichungulia juu ya ukuta akaniuliza kama ninajenga au ninamzika mtu. Nilimjibu kwamba ninazika ujinga. Akasema basi nichimbe zaidi.

Mchanganyiko wangu wa kwanza ulikuwa uji. Wa pili ulikuwa mwamba. Wa tatu, Mjomba, ungeufurahia. Nimelipanua dirisha, nimepaka kuta chokaa, nimejenga karo la kufulia, la zege, lenye kimo cha kiuno cha Mama ili asiiname tena. Nilimpima kwa uzi alipokuwa amesimama akipika, naye akaniuliza kama ninamtengenezea sanduku la kuzikwa.

Na sakafu imelala! Niliazima pimamaji ya Andati nikaiweka katika kila kona. Kipovu kilisimama katikati kana kwamba kimepigiliwa msumari. Nikaweka gololi mahali kumi na mbili tofauti, na haikujongea hata mara moja. Katika hisabati tulifundishwa kwamba mstari uliolala ndio uitwao mlalo, nami nathubutu kusema kwamba katika mtaa mzima wa Tena hakuna mlalo kama huu. Nimeifunika magunia mabichi siku saba, kama ipasavyo.

Mama alisimama mlangoni akaitazama muda mrefu. Akasema, "Imependeza, mwanangu. Ni kama meza ya Bwana." Kisha akauliza maji yatapitia wapi. Nikamwonyesha shimo kule pembeni. Akalitazama shimo, akanitazama mimi, akaenda kuangalia sufuria yake.

Wiki ijayo ataanza kufua humo. Njoo na chai yako, Mjomba. Ndoo nitakujazia mwenyewe.

Mpwa wako,
Matheka

*

Wote
20 Machi 1984

Mpwa wangu Matheka,

Hujambo, na dada yangu hajambo? Mimi mzima. Nilipofika pale pa gololi niliketi juu ya tofali.

Nusu ya kosa ni yangu, na nitaibeba. Sisi waashi tukisema ukuta umelala, maana yake umeinama, unangoja kubomolewa. Tukisema sakafu ilale, maana yake iinamie kule maji yanakotakiwa kwenda. Siyo sana, kimo cha vidole viwili kutoka mlangoni hadi shimoni. Neno hili nimelitumia miaka thelathini hata nikasahau kwamba watu wengine hulala kitandani. Wewe umeyajengea maji kitanda. Yatapanda, yatalala, na hayataamka.

Safari hii sikuwasomea mafundi. Karo la kiuno nimelipenda. Mimi sikuwahi kumpima mtu kabla ya kumjengea.

Lakini tuliyopatana tumepatana. Siku ni ile ile.

Mjomba wako,
Maingi

*

Tena, Nairobi
8 Aprili 1984

Kwa Mjomba Maingi,

Salamu za heshima. Naamini u mzima. Mama ni mzima, nami ni mzima wa mwili. Mengine nitayaeleza kwa utaratibu, maana nisipoyapanga nitajitetea, na leo sitaki kujitetea.

Barua yako ilinikuta ofisini Jumanne moja asubuhi. Papo hapo nilianza kukuandikia jibu. Lilikuwa limefika ukurasa wa nne, nikithibitisha kwamba lugha ni mali ya wote, na kwamba waashi hawana haki ya kuligeuza neno lala likamaanisha inama. Nilipohitaji ushahidi wa kamusi, niliomba ruhusa nikaifuate nyumbani.

Nilimkuta Mama katika chumba cha kufulia. Amejifunga leso kiunoni, miguu mitupu, anasukuma maji kwa kipande cha ubao alichokizungushia gunia. Maji yalikuwa yametanda ukuta hadi ukuta, yametulia. Anayasukuma kuelekea shimoni, nusu yanaingia, nusu yanarudi nyuma yake. Majoho ya Pasaka yalikuwa karoni yakingoja.

Hakushtuka. Alisema tu, "Umerudi mapema."

Mjomba, ilikuwa siku ya tisa. Kila alipofua aliyasukuma hivyo, kisha akapiga magoti akakausha sakafu kwa matambara kabla sijarudi kutoka kazini. Kila jioni nilipita pale, nikaikuta kavu, nikajipongeza. Nilipomuuliza kwa nini hakuniambia, alijibu bila kuacha kazi yake: "Ulikuwa na furaha sana. Nikaona kusukuma maji ni kazi ndogo kuliko kuizima."

Hayo siyo yote. Habari ya ndoo alikuwa anaijua tangu zamani, kwa sababu barua zako mimi huziacha mezani. Alikuwa ameshapanga namna ya kukushinda: wewe ukinywa chai, mimi nikuulize maswali mengi kuhusu ukame, naye apite nyuma na ubao wake. Nakiri kwamba kwa dakika nzima niliuona mpango huo kuwa mzuri. Ndipo nilipoutazama mguu wake. Alikuwa akikanyaga polepole, vidole vimejikunja kuishika saruji, mkono mmoja ukutani. Nilikuwa nimemjengea upya sakafu ile ile iliyomwangusha, ila hii yangu ilikuwa na sura nzuri zaidi.

Nikamsomea barua yako. Nilipofika kwenye kitanda cha maji alicheka hadi akaegemea karo. Kisha akafuta macho, akaniambia nimletee kopo la buluu, ile anayotilia majoho yang'ae. Akaikoroga katika beseni, akaimwaga sakafuni, tukasimama mlangoni tukingoja. Maji yalipotulia alinionyesha: pale buluu ilipokoza pana bonde, pale ilipofifia pana kilima. Mimi na pimamaji na gololi hatukuwa tumeona bonde wala kilima. Akachukua kipande cha mkaa akachora mistari, mmoja kutoka mlangoni, mmoja kutoka nyuma ya karo, ikutane katikati na kushuka pamoja hadi shimoni.

Nilimuuliza alijifunza wapi. Akashangaa kwamba sijui. Alipoolewa Mbooni alichimba matuta ya mashamba pamoja na kina mama wa mwethya, kile kikundi cha kusaidiana kazi, miaka saba, kilima baada ya kilima, wakiimba na majembe yakishuka kwa pamoja. Yeye ndiye aliyekuwa akitangulia mbele kuonyesha mahali mfereji utakapopita, kwa kuchuchumaa na kufumba jicho moja. Wewe unayajua hayo. Mimi nimekula mahindi ya matuta hayo utoto wangu wote, nikidhani kilima kilizaliwa na ngazi.

Jana tuliifanya kazi. Mimi niliichokoa sakafu yangu kwa patasi ili tabaka jipya lishike, na nakiri kwamba pigo la kwanza liliniuma. Kisha nikachanganya, nikabeba, nikamwaga. Yeye aliketi akiwa ameunyosha mguu wake mbaya, akaivuta saruji kwa ubao, akifumba jicho, akirudia, akinituma nipunguze hapa na kuongeza pale. Andati alichungulia akasema, "Msomi, naona leo umepata mhandisi." Mama akamjibu bila kugeuka kwamba mhandisi hajanywa chai, na kwamba mke wa Andati ana maziwa. Chai ikapitishwa juu ya ukuta.

Nimesoma vitabu vingi kuhusu watu waliogeuza mito, Mjomba. Hakuna hata kimoja kilichoniarifu kwamba mmoja wao alikuwa akinipikia uji.

Saruji iko chini ya magunia. Haturuhusiwi kuijaribu kabla ya siku zake. Hiyo ni amri yake. Kwa hiyo sijui kama itafaulu, na ile hoja yangu ya mwezi wa Januari sina tena haki ya kuirudia. Njoo umwage.

Mpwa wako,
Matheka

*

Wote
30 Aprili 1984

Mpwa wangu Matheka,

Nilifika salama. Mgongo haujambo. Mkate wa Pasaka mlionifungia ulifika nusu, nusu uliliwa njiani na mimi.

Najua uliona nimekaa kimya siku zile mbili. Ulikuwa umeenda dukani nilipomwaga ndoo, dada yangu yuko kanisani akigawa majoho, kwa hiyo hakuna shahidi isipokuwa Andati juu ya ukuta wake. Basi nikwambie. Niliimwaga kwa ubaya. Nilisimama kona ya mbali kabisa na shimo, nikaimwaga yote kwa mpigo mmoja. Maji yakazunguka karo, yakakutana na wenzake katikati, yakaingia shimoni, na ndoo bado iko mkononi mwangu. Nikajaza nyingine, nikamwaga kona ya pili. Andati akaniuliza kama naogesha ng'ombe. Sikuenda kunywa chai, kwa sababu hapakuwa na maji ya kurudi kuyaangalia.

Mimi hulaza sakafu upande mmoja. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo nilivyofundisha wengine. Yeye amelaza pande mbili zikakutana, ndiyo maana hata nyuma ya karo hapabaki tone. Miaka thelathini, Matheka, na sikuwahi kulifikiria jambo hilo. Ndiyo sababu nilinyamaza. Mtu wa umri wangu akishindwa hunyamaza kwanza, kisha anaandika barua.

Sasa nina ombi. Zahanati tunayoijenga huku itakuwa na chumba cha kufulia mashuka ya wagonjwa, kikubwa mara tano kuliko chenu, na maji ya huku ni machache, hayafai kupotea. Msimamizi aliniuliza nani atailaza sakafu. Nimemwambia namjua mtu. Muulize dada yangu kama anaweza kuja siku nne. Simwiti kuja kukaa. Nitamrudisha mwenyewe hadi mlangoni kabla ya Jumapili.

Mjomba wako,
Maingi

*

Tena, Nairobi
12 Mei 1984

Kwa Mjomba Maingi,

Salamu za heshima kutoka kwetu sote, na Andati anauliza habari za ng'ombe.

Barua yako nilimsomea Mama alipokuwa akipiga pasi. Pasi ilisimama, nikalihofia joho. Akaniambia nirudie pale pa miaka thelathini. Nikarudia. Akaniambia nirudie tena, polepole, kwa kuwa huwa nasoma kwa haraka. Kisha akaendelea na mikunjo, na kola aliyoipiga baada ya hapo sijapata kuona mfano wake.

Atapanda basi Jumatatu, tarehe ishirini na moja. Nilikuwa nimekuandalia mawazo yangu kuhusu uwiano wa mchanga na saruji, amenikataza kuyatuma. Maagizo yake nimeyaandika kama alivyoyatamka, bila kusahihisha neno:

Mchanga uwe wa mto, uchekechwe mara mbili. Niwekewe kigoda kifupi. Na mtu yeyote asiguse hiyo sakafu kabla sijafika, hasa wewe.

Mpwa wako,
Matheka